Sifuri kwa Sifuri

Msijisumbue kuitafuta nchi hii kwenye ramani. Wachora ramani waliombwa waache nafasi wazi mpaka Serikali iamue inapenda kukaa upande gani wa dunia, na kamati ya jambo hilo bado inakutana. Mimi nimezaliwa humo na sijawahi kuvuka mpaka, kwa hiyo nina haki zote za kuisifu. Naanza.

La kwanza la kusifu ni kwamba nchini mwetu hakuna presha kali. Zamani ilikuwapo. Watu walianguka nayo sokoni, wengine wakaamka midomo imekwenda upande. Mwaka mmoja Waziri wa Afya akapanda jukwaani, bendi ya polisi ikanyamaza, akatamka: "Ndugu wananchi, kuanzia leo saa sita kamili mchana, presha kali imefutwa katika ardhi ya nchi yetu. Tutakazobaki nazo ni presha ndogo na presha ya wastani, ambazo ndizo zinazolingana na taifa changa." Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Wiki iliyofuata kadi zote za hospitali zikachapishwa upya. Zilikuwa na visanduku viwili tu vya kuwekea alama, NDOGO na WASTANI. Pale kilipokuwa kisanduku cha tatu paliwekwa picha ya Waziri akitabasamu.

La pili la kusifu ni Tume ya Ulinganisho. Dawa za presha zilikuwa nyingi, na kila daktari alikuwa na yake aliyoiapia. Serikali ikasema hapana, tuzilinganishe, tujue ipi inashusha kuliko nyingine. Nakiri kwamba wazo lenyewe lilikuwa zuri. Nchi nyingine hulifanya na hupata majibu ya maana. Wagonjwa elfu nne wenye presha ndogo na ya wastani waliitwa, wakachovya mikono kwenye pipa la karata, na kila mmoja akatoka na rangi yake kwa mwaka mzima.

Waliopata njano walipewa dawa ya kukojosha. Waliopata kijani walipewa dawa iliyoshusha presha vizuri lakini ikawaletea kikohozi kikavu, kiasi kwamba kwaya ya parokia yetu, ambayo sauti ya pili yote ilichota kijani, ilisimamishwa kuimba hadi Pasaka. Waliopata nyekundu walivimba vifundo vya miguu wakawa wanavaa kandambili mpaka harusini. Na waliopata nyeupe walipewa unga wa muhogo uliogandamizwa kuwa vidonge.

Hilo la muhogo halikuwa siri kubwa. Sista Yuditha, muuguzi mpimaji wa zahanati yetu, alinieleza bila kunificha.

"Lazima wawepo wasiopewa kitu," alisema. "Bila wao utajuaje kwamba dawa imefanya kazi? Wenzetu wote wanafanya hivyo."

"Na wale wa muhogo presha ikiwapanda?"

"Kwa wenzetu mtu akipanda sana anatolewa haraka, anapewa dawa ya kweli."

"Na kwetu?"

Sista Yuditha alitazama kadi mezani kwake, ile picha ya Waziri.

"Kwetu atapandaje sana, kaka'ngu? Ilishafutwa."

*

Shangazi yangu Melania alichota nyeupe.

Ndiye aliyenilea. Baba yangu aliponiacha mlangoni kwake nilikuwa na miaka mitatu na suruali iliyochanika. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kuniuliza kama nina njaa, aliivua ile suruali akaitia kwenye cherehani. Alishona sare za shule za kata nzima. Hakuna mtoto wa pale ambaye kola yake haikupita mikononi mwa Shangazi.

Jirani yetu, Mzee Nkwabi, fundi baiskeli, alichota njano. Hapa niwaeleze kitu kimoja ili msije mkadhani watu hawa wawili walikuwa wagomvi. Sisi ni watu wa Bondeni, Nkwabi ni mtu wa Mlimani, na watu wa Bondeni na wa Mlimani ni watani tangu hapo kale. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na huruhusiwi kununa. Ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani akavaa nguo zako, akaiga mwendo wako na kusema lolote analotaka juu ya jeneza lako, na hakuna wa kumkemea, hata polisi. Serikali yetu imefuta mambo mengi lakini haikufuta utani. Nadhani haikuwahi kuuelewa.

Siku ile ya karata Nkwabi alimngoja Shangazi getini.

"Melania! Umepata nyeupe? Basi sawa. Watu wa Bondeni hata dawa mnapewa ya kupakia ukuta."

"Afadhali chokaa yangu, we Nkwabi. Wewe nimehesabu umekwenda chooni mara nne tangu jua lichomoze. Bata wangu wamekuachia njia."

"Natoa sumu."

"Unatoa pombe ya tangu ujana wako. Hiyo haiishi kwa mwaka mmoja."

Walicheka. Mwezi wa kwanza Shangazi alipimwa 152 kwa 94, ikaingia NDOGO. Nkwabi alipimwa 150 kwa 96. Mwezi wa pili Nkwabi alikuwa 138 kwa 86. Shangazi alikuwa 166 kwa 102, ikaingia WASTANI, na karani akamwambia hongera kwa kupanda daraja.

Mwezi wa tatu alianza kuumwa kisogo. Asubuhi moja nilimkuta kakaa mbele ya cherehani, uzi mkononi, analitafuta tundu la sindano halioni.

"Njoo, baba," aliniambia. Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa sababu nina jina la babu yake. "Nitungie huu uzi. Leo sindano zote zina macho mawili."

Nilimtungia. Tangu siku hiyo nikawa namtungia kila asubuhi kabla sijaenda kazini.

*

Nilikwenda kwa Kamishna wa Tume, Bwana Festo Malinganya. Nilivaa shati lililopigwa pasi na Shangazi mwenyewe. Nilikuwa na ombi moja tu, kwamba atolewe kwenye nyeupe apewe njano, au kijani, hata akohoe, au nyekundu, hata avimbe.

Bwana Malinganya alinisikiliza macho kayafumba. Kisha akayafumbua.

"Kijana," alisema, "unajua rangi ipi katika Tume hii haijaletewa lalamiko hata moja?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Nyeupe! Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyevimba. Hakuna aliyekimbia chooni katikati ya wimbo wa taifa. Ni dawa yenye adabu. Na wewe unataka kumtoa mzazi wako kwenye adabu?"

"Mheshimiwa, ni muhogo."

"Muhogo ni zao la taifa."

"Haoni tundu la sindano."

"Sikiliza." Alisimama, na makatibu wawili waliokuwa wamekaa nao wakasimama. "Ukimbadilisha mtu mmoja rangi, umebadilisha takwimu. Ukibadilisha takwimu, umebadilisha taarifa. Ukibadilisha taarifa iliyokwisha kuandikwa dibaji na Waziri, umepindua serikali. Sidhani kama umekuja hapa kupindua serikali na shati zuri kama hilo."

Nilisema sikuja kwa hilo. Nilimshukuru, kama tunavyofundishwa, nikarudi nyumbani. Njiani nilitamka maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu nimeahidi kusifu.

*

Nkwabi ndiye aliyepata njia. Alikuja asubuhi na kopo la vidonge vyake vya njano, akalitua juu ya meza ya cherehani.

"Gawana na mimi. Siku moja mimi, siku moja wewe."

"Na presha yako?" Shangazi alimwuliza.

"Yangu ni ya Mlimani, inajua kusubiri. Usidhani nakuhurumia, Melania. Nataka tu nikuone ukikimbia. Nimechekwa na bata wako vya kutosha."

Alikimbia kweli. Nkwabi alikaa uani na kiti chake akimhesabia kwa sauti, na Shangazi akimtukana kutoka ndani ya choo, na sijawahi kusikia matusi matamu kama yale. Baada ya wiki tatu alitunga uzi mwenyewe. Aliniita nije nione, akautunga mara ya pili na ya tatu, kama mtu anayejaribu kufuli jipya. Kipimo cha mwezi wa nne kilisoma 156 kwa 94. Nkwabi alikuwa amepanda hadi 146, akasema si kitu.

Tume ilifurahi mno. Nyeupe imeanza kushusha! Walimtuma Mkaguzi wa Vidonge aje ampige picha mgonjwa huyo wa mfano. Mkaguzi akamweka Shangazi karibu na cherehani, akainama kutafuta mwanga mzuri, na pale chini kwenye kikanyagio akaona kidonge kimoja cha njano.

Adhabu haikuwa kali. Nchi yetu haina kitu chochote kikali. Nkwabi aliamriwa kumeza kidonge chake kila asubuhi mbele ya mtendaji wa kata, mdomo wazi, ulimi juu, tochi ikimulika. Shangazi aliandikiwa barua ya onyo yenye mihuri mitatu kwa kosa la kupata nafuu kwa rangi isiyo yake. Aliisoma, akaikunja, akaitumia kukatia ruwaza ya kola.

*

Mwezi wa tano nilimpeleka mwenyewe. Alitembea kwa kushika bega langu.

Sista Yuditha alimfunga mkanda mkononi, akapuliza, akasikiliza. Akafungua, akafunga tena mkono wa pili. Kisha akaandika kwenye karatasi ya pembeni, si kwenye kadi: 214 kwa 126.

Aliitazama kadi. NDOGO. WASTANI. Waziri akitabasamu.

"Msimamizi," aliita, "huyu aende wodini sasa hivi."

Msimamizi alikuja, akasoma namba. "Kisanduku gani?"

"Hakuna kisanduku."

"Basi hakuna mgonjwa. Wodi haipokei kadi isiyo na alama. Akae Benchi la Kushukia."

Benchi la Kushukia lilikuwa ukumbini, limepakwa rangi za bendera. Wenye namba zisizoingia kisandukuni hukaa pale mpaka namba ishuke iingie. Nilikwenda wodini. Daktari akasema yuko tayari, dawa ipo, nilete kadi yenye alama. Nilirudi kwa msimamizi. Akasema yuko tayari, kalamu ipo, nilete namba inayoingia. Nilikwenda, nikarudi. Sista Yuditha alichukua kalamu aweke alama WASTANI kwa uongo, msimamizi akamshika mkono, akamwambia atashtakiwa kwa kughushi, kwa sababu sisi ni nchi ya ukweli.

"Baba," Shangazi aliniita. "Acha kukimbia. Utachakaza viatu."

Nilikaa naye.

"Hili benchi lina msumari," alisema. "Mwambie Nkwabi aje na nyundo yake, nyundo ya Mlimani, haijawahi kugonga kitu kikanyooka."

"Nitamwambia, Shangazi."

"Sare ya mtoto wa Getruda imebaki vifungo viwili. Viko kwenye kopo la kahawa. Vya bluu, si vile vyeusi."

"Vya bluu."

"Shule inafunguliwa Jumatatu."

Kisha alisema neno lingine ambalo halikutoka vizuri, na upande mmoja wa mdomo wake ukashuka. Nilipiga kelele. Sista Yuditha alikuja mbio, akapiga magoti. Msimamizi naye alikuja, na kipima presha, kuona kama imeshuka.

Ilikuwa saa tano asubuhi na dakika chache. Alikuwa bado ameshika mkoba wake mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa.

*

Kwenye maziko alikuja Kamishna Malinganya mwenyewe, suti nyeusi, na makatibu wake wawili na daftari kubwa. Watu walishangaa heshima hiyo. Kumbe kadi ya Shangazi ya mwezi wa tano ilikuwa tupu, na Tume haiwezi kufunga hesabu ya mwezi kwa kadi tupu. Kamishna alikuja kutafuta namba.

Kabla jeneza halijashushwa, wa Mlimani walifungua njia, na mtani akaja.

Nkwabi alikuwa amevaa gauni la Shangazi la maua, futi ya kitambaa shingoni, miwani yake puani. Alitembea kama yeye, bega la kushoto chini kidogo. Alimshika mtoto mmoja kola akainyoosha, akamwambia, "Mama yako anakufulia kwa miguu?" kwa sauti ileile. Watu waliangua kicheko, na katikati ya kicheko wanawake wakaanza kulia, na wakaendelea kucheka wakilia. Nilicheka pia. Sikumbuki kama niliwahi kuumia hivyo.

Kisha Nkwabi akatoa mfukoni mpira wa ndani wa baiskeli, na pampu. Aliuzungusha mpira juu ya jeneza, pale ulipo mkono, akaanza kupuliza. Fyu. Fyu. Fyu. Akalaza sikio kwenye ubao.

"Nyamazeni!" alisema. "Nampima."

Makaburi yote yakanyamaza.

Alisikiliza muda mrefu. Mrefu kuliko mzaha. Nilimwona akifumba macho, na nikajua kwamba kwa kitambo kile alikuwa anasikiliza kweli.

Alipoinuka uso ulikuwa umelowa. Akapaza sauti: "Sifuri kwa sifuri! Melania, hongera! Imeshuka! Umetushinda wa njano, umewashinda wa kijani, umewashinda wekundu na kandambili zao! Tume! Mnangoja nini? Andikeni!"

Katika nchi nyingine watu wangeinamisha vichwa. Kwetu Kamishna alipiga hatua mbele, akafungua daftari.

"Narudia, ili pasiwe na makosa. Ya juu ni sifuri?"

Nkwabi alimkodolea macho. "Sifuri."

"Na ya chini?"

"Na ya chini sifuri, mheshimiwa. Panda ukapime mwenyewe."

"Haina haja. Kipimo kimechukuliwa hadharani, mbele ya mashahidi." Akaandika. Katibu mmoja akamnong'oneza, naye akatafakari kwa haki kabisa, akasema, "Sifuri ni chini ya mia na sitini. Kisheria ni NDOGO." Akaweka alama.

Nkwabi alibaki amesimama na pampu yake, gauni la maua likipeperuka. Hakuna aliyecheka tena. Alitaka kuwatukana, na haki hiyo alikuwa nayo, lakini ulikuwa utani wa kwanza katika maisha yake uliojibiwa kwa kalamu.

*

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Tume ilipoona kwamba kipimo cha kaburini ni halali, ilipeleka makarani makaburini kote nchini na pampu za baiskeli. Kadi nyingi tupu zilijazwa. Rangi zote zilikuwa na marehemu wao, lakini nyeupe ilikuwa na wengi zaidi, na kwa hiyo ilikuwa na sifuri nyingi zaidi, na ukichukua wastani, kama anavyojua yeyote aliyesoma hesabu ya kugawanya, nyeupe ilishusha presha kuliko dawa zote za dunia. Tena bila kikohozi.

Sherehe ya ushindi ilifanyika uwanja wa taifa. Kwaya ya shule ilikuwa mbele, na kola zao nilizitambua moja moja. Waliimba:

*Cheupe ndicho kizuri, hakileti makohozi,*
*Ukinywa utasafiri, wala hukojoi wazi.*

Niliitwa jukwaani nimpokelee Shangazi cheti. Kiliandikwa kwa wino wa dhahabu: *Mgonjwa Aliyeshuka Kuliko Wote.* Waziri alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto na umejaa, na mshipa wa shingo ulikuwa ukipiga juu ya tai. Nilimhurumia kidogo. Baadaye Sista Yuditha aliniambia kwamba Waziri hutumia njano, na huletewa kwa ndege.

Vidonge vya njano, kijani na nyekundu vilichomwa moto palepale uwanjani. Kuanzia siku ile nchi nzima inameza nyeupe.

Na Nkwabi pia.

Juzi asubuhi nilipita karakana yake. Alikuwa na gurudumu kwenye beseni la maji, anatafuta tundu. Zamani alikuwa halihitaji beseni. Alilaza sikio kwenye mpira tu, akasikia upepo unapotokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wewe wa Bondeni. Umekuja kuiba spoku?"

"Baiskeli za Mlimani hazina spoku, zina kuni."

Hakucheka sana. Alijifuta mikono. "Masikio yananguruma," alisema. "Tangu mwezi uliopita. Kama mashine ya kusaga iko humu ndani."

Alikwenda ndani, akarudi na ile pampu na ule mpira, akaniwekea mikononi.

"Wewe ndiye mtani wangu sasa. Siku yangu ikifika utavaa ovaroli langu, utatembea kama mimi, na utanipima. Lakini nisikilize vizuri, maana mimi nilikosea. Niliwapa namba waliyoitaka. Usiseme sifuri."

"Nisemeje, mzee?"

"Sema ile ya Melania. Ile ya kwenye karatasi ya pembeni. Iseme kwa sauti, na waje na daftari lao."

"Hawana kisanduku cha kuiandika."

"Ndiyo maana uiseme."

Alirudi kwenye beseni lake akaendelea kuzungusha gurudumu majini, taratibu, akiinamia mapovu. Nami niliondoka na pampu kwapani. Nyumbani kwetu cherehani lina sindano ambayo hakuna anayeitungia, na kopo la kahawa halina tena vifungo viwili vya bluu, maana vile nilivishona mwenyewe, vibaya, ile Jumapili kabla ya shule.

Nimesema nitaisifu nchi yangu, nami nimeisifu. Sasa hivi kila nitembeapo najifunza kutamka namba, ili siku ile sauti isinikwame mbele ya watu: mia mbili na kumi na nne, kwa mia moja ishirini na sita. Mia mbili na kumi na nne, kwa mia moja ishirini na sita.